Mkaa wa maganda ya mise (kokwa za chikichi): ya kujua kabla hujanunua mashine

Wengi wanaoanza kazi hii Kigoma wana haraka ya mashine ya kushindilia mkaa. Iache kwanza. Mkaa mbovu huharibikia kwenye pipa la kuchomea na kwenye kichanja cha kukaushia, na hakuna mashine itakayouponya.

Anza na malighafi. Wanapokamua mawese utakuta nyuzi, mashada matupu, na maganda magumu yanayobaki baada ya kubangua mise. Chukua maganda. Nyuzi bado zina mafuta, zinatoa moshi mwingi, na aghalabu wakamuaji wenyewe huzitumia kuchemshia chikichi. Mashada yana potasiamu nyingi. Yarudi shambani yawe matandazo chini ya michikichi, maana kuyachoma ni kupoteza mbolea.

Uliza pia maganda yametoka kwenye michikichi ya aina gani. Dura, aina ya zamani, ina ganda nene. Tenera, ambayo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu zake, ina ganda jembamba na nyama nyingi. Mkulima anapata mafuta zaidi, nawe unapata maganda machache kwa kila gunia. Hilo ni jambo jema kwa mkoa, ila usipige hesabu za miaka kumi ijayo kwa wingi wa maganda ya leo.

Pipa la lita 200 linatosha kujifunzia. Toboa matundu chini, uliweke juu ya mawe matatu. Maganda hubanana na kuziba hewa, kwa hiyo simamisha bomba katikati, jaza maganda makavu pembeni yake, kisha lichomoe taratibu libaki tundu. Tumbukiza makaa ya moto humo, halafu kazi yako ni kutazama moshi. Moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka. Ukigeuka manjano na kukera macho, maganda yanaiva. Ukiwa mwembamba wa rangi ya samawati, funika mara moja, ziba mfuniko na matundu ya chini kwa udongo mbichi. Ukichelewa unabaki na majivu. Ukiwahi, ganda likivunjwa ni kahawia ndani na mkaa wake utatoa moshi jikoni. Usifungue mpaka kesho yake. Mkaa wenye joto ukipata hewa huwaka upya. Kilo 100 za maganda makavu zikikupa kilo 25 hadi 35, umefanya vizuri.

Twanga, chekecha kwa chekeche la milimita 3, ukifanyia juu ya turubai. Mchanga ndio adui mkubwa hapa: hauungui, unaongeza majivu na kupunguza joto. Pima mwenyewe. Choma gramu 100 za mkaa uliokamilika hadi uishe. Majivu yakizidi gramu 20, tafuta mchanga unaingilia wapi.

Gundi ni uji wa muhogo. Kwa kilo 10 za unga wa mkaa tumia gramu 600 hadi 800 za unga wa muhogo. Ukoroge kwanza kwenye lita moja ya maji baridi, kisha umimine kwenye maji yanayochemka, ukoroge hadi uwe mzito na wa kung'aa. Uji mbichi haushiki. Ukizidisha muhogo, mkaa unaota ukungu na kutoa moshi. Changanya, ongeza maji kidogo kidogo, finyanga tonge, liangushe kutoka usawa wa kiuno. Likipasuka, ongeza uji. Likichuruzika maji ukilikamua, ongeza unga wa mkaa.

Kukausha kunahitaji subira kuliko yote. Siku ya kwanza weka matonge uliyofinyanga kivulini kwenye kichanja chenye upepo, kwa sababu jua kali hukausha ngozi ya nje kabla ya kiini, na tonge linapasuka. Kisha jua siku tatu hadi tano. Pima uzito wa matonge yaleyale siku mbili mfululizo, usipobadilika, yamekauka. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yako. Masika jenga paa la nailoni angavu, uache pande wazi.

Mwambie mteja ukweli: mkaa huu unachelewa kushika, ila unakaa muda mrefu. Atangulize vipande vichache vya mkaa wa kawaida chini. Na kama mkaa mwingine wowote, asiuwashe chumba kilichofungwa, kwani hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua.