Maswali ya Wasomaji: Breka ya Mgodini na Simu ya Mkononi

SWALI: Ninasimamia maduara (mashimo ya wachimbaji wadogo) mawili ya dhahabu karibu na Makongolosi, wilayani Chunya. Pampu ya maji iko chini, na waya wake una urefu wa mita 250 kutoka kwenye bodi iliyoko juu. Wakati wa masika breka yake hukata mara kwa mara. Muuzaji mmoja jijini Mbeya amenionyesha kifaa chenye laini ya simu, ambacho kitanionyesha hali ya umeme nikiwa nyumbani na kuniwezesha kuirudisha breka bila kwenda machimboni. Je, ninunue?
Msomaji, Chunya

JIBU: Ndugu msomaji, kifaa cha kukupa taarifa ni cha manufaa, lakini sehemu yake ya kuwasha umeme kutoka mbali isiunganishwe kabisa. Breka inayokata masika kwa kawaida inaonyesha kwamba maji yamepenya kwenye kiungo cha waya au ndani ya mota, na mtu aliyeko nyumbani hawezi kujua ni nani, wakati huo huo, ameishika pampu hiyo akiwa amesimama majini. Kabla ya kuirudisha breka, fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) aukate umeme, aweke kufuli kwenye swichi, ufunguo aushike yeye mwenyewe, kisha apime insulesheni ya waya na ya mota kwa mega, yaani kipimo kinachoonyesha kama umeme unavuja.

Urefu wa waya wako unanitia wasiwasi kuliko hata huko kukata. Hukutaja unene wake, basi tuchukulie ni waya wa shaba wa milimita za mraba 4, unaolindwa na breka ya ampea 32 ya aina C. Mita 250 za kwenda na 250 za kurudi zina ukinzani wa karibu ohm 2.3, kwa hiyo fezi (waya wenye umeme) ikigusa mwili wa chuma wa pampu uliofungwa waya wa erthi wa unene huo huo, volti 230 zitasukuma takribani ampea 100 tu. Breka ya aina hiyo hukata papo hapo mkondo unapofika kati ya ampea 160 na 320. Chini ya hapo husubiri ipate joto, na kusubiri huko kunaweza kuchukua sekunde kadhaa au zaidi, huku mwili wa pampu ukiwa na umeme. Ukitumia jenereta ndogo hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu haina nguvu ya kutoa mkondo mkubwa wa shoti.

Ndiyo maana breka pekee haitoshi chini ya ardhi. Panahitajika kifaa kinacholinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, kisha kikakata mara kinapoona sehemu yake inavujia ardhini. Kwa taa na vifaa vya kushika mkononi, kiwango kinachotumika ni miliampea 30. Migodi mikubwa huenda mbali zaidi: huzuia mkondo wa hitilafu ya ardhi kwa kufunga rezista (kizuia mkondo) kwenye nyutro, yaani kiungo cha kati cha transfoma, na hupitisha ndani ya kebo waya mwembamba wa kuchunguza kama erthi bado imeungana, ili ikikatika umeme nao ukatike. Huo ndio ulinzi ninaotamani kuuona katika maduara ya Chunya, na fedha yako ya kwanza iende huko.

Baada ya hapo ndipo ununue kifaa cha taarifa. Mtandao wa simu haufiki chini, hivyo vipimo vipandishwe juu kwa waya, na laini ya simu ikae kwenye bodi. Kipime mkondo wa kila fezi, kwa kuwa mota ya fezi tatu inayopoteza fezi moja huungua haraka. Kina cha maji. Na feni ya hewa, ambayo kwangu mimi inatangulia yote, kwa sababu wanaovuta hewa hiyo hawana njia nyingine ya kujua mapema kwamba imesimama. Kiwe na betri yake, na kikinyamaza, ukimya huo uhesabiwe kuwa hatari. Kengele iliayo mdomoni mwa duara, alipo msimamizi wa zamu, itaokoa watu mapema kuliko ujumbe unaokufikia wewe ukiwa mjini.

SWALI: Je, vifaa hivyo hivyo vinafaa katika mgodi wa makaa ya mawe?
Mwanafunzi wa ufundi umeme, Mbeya

JIBU: Havifai hivyo vilivyo. Makaa ya mawe hutoa gesi ya methani, ambayo hulipuka ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na cheche ya swichi ya kawaida inatosha kuiwasha. Huko swichi hufungwa ndani ya makasha yasiyopitisha mwali, vipimo hutumia umeme mdogo usioweza kuwasha gesi, na kitambua methani huunganishwa na swichi ili kikate umeme kabla gesi haijafikia kiwango hicho.