Kabla Hujaandika Utopia na Distopia Ubaoni: Kwa Walimu Wapya wa Kusini

Walimu wenzangu mlioripoti muhula huu, wiki iliyopita niliketi nyuma ya darasa la kidato cha tano, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nikamsikiliza kijana mmoja wenu. Aliugawa ubao kwa mstari wa chaki, kushoto akaandika "utopia: jamii bora", kulia "distopia: jamii mbaya", akajaza pande zote mbili majina ya vitabu na ya nchi. Wanafunzi wakanakili, kengele ikalia. Andalio lake la somo lilikuwa safi, sauti yake ilifika hadi dawati la mwisho, na inaonekana wazi kuwa anawapenda watoto. Hata hivyo nilitoka na uchungu, kwa sababu somo hilo nililifundisha vivyo hivyo miaka 19 iliyopita, hapa hapa Mtwara, na nimeona linakoishia.

1. Someni kitabu chenyewe kabla ya mwongozo. Thomas More alibuni neno utopia mwaka 1516 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mahali pasipokuwapo, na kila mwaka nasikia kisiwa chake kikisimuliwa darasani kama pepo: watu hufanya kazi saa 6 tu kwa siku, mali ni ya wote, dhahabu haina thamani. Yote hayo yamo. Lakini humo humo mna watumwa wanaofungwa minyororo ya dhahabu hiyo hiyo, na raia hawezi kutembelea mji mwingine bila barua ya ruhusa. Mwanafunzi aliyeambiwa habari ya saa 6 akafichwa habari ya barua hajafundishwa kitabu.

2. Andikeni mwaka ubaoni kabla ya kuandika dhamira. Nimechoka kusikia kwamba katika Shamba la Wanyama mwandishi Mwingereza George Orwell alikuwa akiusema Ujamaa wetu. Alikichapisha mwaka 1945 akiyawaza mapinduzi ya Urusi, na alifariki mwaka 1950, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru. Kilichotoka mwaka 1967 ni tafsiri ya Fortunatus Kawegere, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, na hapo ndipo penye mjadala wa kweli, yaani msomaji wa Kiswahili wa mwaka ule aliona nini katika amri saba za wanyama zilizokuwa zikibadilishwa usiku. Kusadikika cha Shaaban Robert nacho kilitoka mwaka 1951, Waingereza wakiwa watawala. Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, nanyi mnaandika tu "uongozi mbaya" na kupita.

Mwaka huo huo wa 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947, uliokusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni 3 huko Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Hiyo nayo ilikuwa ndoto ya nchi ya neema, iliyochorwa ofisini na watu wasioujua udongo wetu wala mvua zetu. Reli ya kwenda Nachingwea iliyojengwa kwa ajili yake ilikuja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwanafunzi wa Lindi au Mtwara anayetafuta mfano wa utopia iliyoanguka ana wa kwao, wala hana haja ya kuuvukia bahari.

3. Kwa mtihani: dai, mfano kutoka kitabuni, ufafanuzi, basi.

4. Msimnyime mtoto alama kwa kuwa amemleta bibi yake kwenye insha. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa pili kazini niliwapa kidato cha tatu insha iliyowataka wajadili kama kijiji cha Ujamaa kilikuwa jamii bora. Nukuu nilikuwa nimewapa mwenyewe: Azimio la Februari 1967, usawa, kazi ya pamoja, shule na zahanati. Msichana mmoja wa upande wa Newala aliandika kurasa nne kuhusu bibi yake aliyehamishwa mwaka 1974 na mikorosho iliyobaki nyuma. Nilimpa 4 kati ya 20, na chini yake nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Hii ni hadithi ya nyumbani, si hoja." Tangu siku hiyo hakunyoosha mkono tena darasani. Nililiona hilo, nikajiambia ni utu uzima unamwingia.

Novemba yake nilitumwa kusimamia mtihani wa kidato cha nne katika shule ya jirani na kwao, wanafunzi wengine wakiwa wamerudishwa majumbani. Nikapita kwa yule msichana kuwasalimu. Bibi alikuwa ameketi mkekani akichambua korosho, nzuri kwenye gunia, mbovu pembeni. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza bila kuinua macho: "Wewe ndiye mwalimu uliyesema mikorosho yangu ni hadithi?"

Sikuwa na jibu. Akanisimulia taratibu, mikono ikiendelea na kazi. Mgambo walifika asubuhi, wakaezua paa ili wenyeji wasirudi. Waliahidiwa shule, zahanati na bomba. "Shule ilikuja, mwalimu, mama yake huyu amesoma pale, na mimi nimejifunza kuandika jina langu pale pale. Hilo usilifute. Bomba lilikuja likakauka. Mikorosho ilibaki kule, moto ukaila."

Mjukuu wake akanipeleka nikaone, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Vichaka vilikuwa vimefunika kila kitu isipokuwa mkorosho mmoja mkubwa ulioungua upande, uliokuwa ukizaa kwa tawi moja, na chini yake mafiga matatu yaliyokaa bado kama yanavyokaa jikoni. Nilisimama mbele ya mafiga yale nikiona aibu ambayo sijaisahau.

Baadaye ndipo niliposoma kama nilivyopaswa kusoma mwanzoni. Korosho za nchi hii zilifika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, kisha zikaporomoka kwa zaidi ya miaka kumi. Bei ndogo ilichangia, ugonjwa wa mikorosho uitwao ubwiriunga ulichangia, na kuwahamisha wakulima mbali na miti yao kulichangia. Nilisoma pia habari za jirani zetu wa Ruvuma. Huko Litowa na vijiji vilivyoiga mfano wake, wakulima walianza kuishi na kulima pamoja kwa hiari yao mwanzoni mwa miaka ya 1960, chama tawala cha TANU kikauvunja umoja wao mwaka 1969, na Novemba 1973 kuishi vijijini kukatangazwa kuwa amri, ikamilike ifikapo mwisho wa 1976. Ndoto ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nani aliyeulizwa. Mstari wa chaki katikati ya ubao hauwezi kulionyesha hilo. Nami najua, kwa sababu mwaka uliofuata niliuhamisha Ujamaa kutoka kushoto kwenda kulia nikadhani nimesahihisha kosa, kumbe shule na jina la bibi nimeyafuta kwa dasta.

Shule zilipofunguliwa nilimwomba yule msichana daftari lake. Mbele yake nilikata ile 4, nikaandika 17, nikamwomba radhi. Aliitazama alama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama ningemruhusu aiandike upya sehemu ya bomba, kwa maana bibi alikuwa amemweleza mengine tangu siku ile nilipokwenda.