Barua kwa mwanangu: kuhusu vidonge vyako viwili

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma asubuhi, nikaurudia tena baada ya adhuhuri. Huku Ujiji hatujambo, baba yako yuko barazani na redio yake kama unavyomjua. Unauliza hivi: kwa kuwa kipimo cha presha sasa kinasoma 124 kwa 80 na kichwa hakikuumi tena, je, unaweza kuacha losatani ukabaki na amlodipini peke yake? Nitakujibu. Ila kwanza nataka ujue kila kidonge kinakwenda kufanya nini mwilini, maana mtu anayelijua hilo hasukumwi huku na huku na kila muuza dawa.

Ukuta wa mshipa wa damu una misuli. Ili misuli hiyo ijikaze, lazima madini ya kalisi yaingie ndani ya seli zake. Amlodipini huziba vijia vya kalisi, basi mshipa unalegea, njia inapanuka, na damu inapita bila moyo kutumia mabavu. Sisi Waafrika kidonge hiki hutukubali vizuri, ndiyo maana madaktari wengi huanza nacho. Ubaya wake ni kwamba hulegeza mishipa inayopeleka damu kuliko ile inayoirudisha, kwa hiyo maji huvuja kidogo kidogo na kutuama vifundoni. Ikifika jioni viatu vinabana.

Losatani hupitia kwenye figo. Figo zikihisi damu inayozifikia ni haba, hutoa kemikali iitwayo renini, na hiyo huanzisha mfululizo ambao mwisho wake ni angiotensini 2. Huyo ndiye mwenye fujo: anabana mishipa, tena anaziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe aldosteroni, ambayo huzuia chumvi isitoke kwenye mkojo. Chumvi ikibaki, na maji yanabaki. Losatani hukaa pale ambapo angiotensini 2 ingeshika, ikakosa pa kushika. Na kwa kuwa hulegeza pia mishipa ya kurudisha damu, hupunguza ule uvimbe wa vifundo. Umeona? Unachotaka kukiacha ndicho kinachokusitiri na ubaya wa mwenzake.

Hiyo 124 ni kazi ya vidonge, mwanangu. Wala usijipime kwa kichwa kuuma au kutouma. Nimesema tangu ukiwa mdogo, nawe ulikuwa ukinisikia nikiwaambia majirani: dawa ya presha hainywewi kwa jinsi unavyojisikia. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake huchukua saa 30 hadi 50 kutoka. Mtu akiiacha leo, kesho haoni kitu, keshokutwa haoni kitu, anatangaza mtaa mzima kwamba amepona. Presha inarudi taratibu, bila hodi.

Hapo ndipo namkumbuka mjomba wako wa Kibirizi. Wewe ulikuwa shuleni Kasulu, ukaambiwa tu kwamba mjomba alilazwa akatoka. Sikukusimulia yote, na mpaka leo nikiyawaza kifua kinapata moto.

Kaka yangu aliambiwa moyo wake umetanuka. Presha ya miaka mingi, migebuka ya chumvi kila siku, na watu wa kwetu kwa asili ni wa Uvinza, ambako chumvi imechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000; chakula kisichokolea kwetu ni tusi. Alipewa vidonge vya namna nne: enalaprili, furosemidi, spironolaktoni na kavediloli. Akavinywa vizuri, akarudi kusimamia dagaa wake mwaloni. Kisha kikaja kikohozi. Kikavu, cha kuwashawasha koo, kikali zaidi usiku. Akaenda duka la dawa, akauziwa dawa ya maji. Akarudi, akauziwa antibayotiki. Aliporudi tena, yule bwana akatazama mfuko wake wa vidonge akamwambia, "Mzee, hivi ni vingi mno, vipumzishe kwanza mpaka kifua kipone." Kaka akavipumzisha vyote.

Nilipokwenda kumwona nilimkuta analala ameketi, mito mitatu mgongoni, maana akilala chali anakosa pumzi. Nikambonyeza muundi kwa kidole gumba. Nilipokitoa kidole, shimo lilibaki pale, kina chake kinatosha punje ya mahindi, na halikuharakisha kujaa.

Moyo ukichoka husukuma damu kidogo. Figo haziujui moyo. Zenyewe zinahisi tu kwamba damu imepungua, zikadhani mwili umekauka, zikashikilia chumvi na maji. Maji yanaongezeka, moyo unaelemewa zaidi, figo zinazidi kushikilia. Mwili unajiangamiza kwa kudhani unajiokoa. Furosemidi ni kama kuchota maji mtumbwini: inakupa nafuu upesi, lakini tundu liko palepale. Vile vingine vitatu ndivyo vinavyotuliza amri zile za kubana na kushikilia. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba spironolaktoni, ambayo humzuia aldosteroni, ilipoongezwa kwa wagonjwa ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa sana, vifo vilipungua kwa asilimia 30. Si jambo dogo hilo kwa kidonge cha bei rahisi.

Tulimpeleka hospitali, akachomwa furosemidi ya mshipani, akakojoa mpaka mizani ikashuka kilo 7, na vifundo vya miguu vikaonekana tena vina mifupa. Nilifurahi nikalia. Kisha akaja daktari kijana, akavuta kiti, akauliza swali ambalo halikuwa limeulizwa na yeyote: "Babu, kabla kikohozi hakijaanza, ulikuwa umeanzishiwa dawa gani?" Enalaprili humzuia yule kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwilini, anayetengeneza angiotensini 2. Lakini kimeng'enya huyohuyo ndiye anayevunja kitu kingine kiitwacho bradikinini, na akizuiwa, bradikinini hurundikana na kuwasha koo. Hakuna dawa ya kikohozi itakayomaliza hiyo. Akabadilishiwa losatani, hiihii unayotaka kuiacha, na baada ya wiki chache kikohozi kikaisha. Mjomba wako aliishi miaka baada ya pale. Alicheza kwenye harusi ya binti yake, ulimwona.

Yule bwana wa dukani nilikwenda kumwona. Aliniambia mbele ya wateja, "Dada, wewe ni nesi wa zamani, mambo yamebadilika." Neno lile bado linaniuma. Nikijaribu kumtendea haki, nasema kikohozi kilikuwa cha kweli, na katika nchi yenye kifua kikuu mtu kuwaza kifua ni sawa. Pia vidonge vilikuwa vingi kweli. Lakini kuwaza kifua ni jambo moja, kumwambia mgonjwa wa moyo aache vyote ni jingine kabisa. Alikuwa na nia njema? Pengine. Sitamhukumu. Ningependa sana kumhukumu, lakini sitamhukumu.

Na kweli mambo hubadilika. Nilipokuwa nasomea uuguzi tulifundishwa kwamba moyo ulioshindwa usipewe kamwe dawa za kupunguza mapigo, jamii ya kavediloli. Ilionekana kama kumpiga aliyekwisha kuanguka. Leo ni nguzo ya matibabu, kwa sababu adrenalini isiyokoma huuchosha moyo, na moyo uliokingwa nayo hupata nafasi ya kujijenga. Siri iko kwenye mwendo: unaanza na miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, unapandisha polepole, na siku za mwanzo mgonjwa huweza kujisikia vibaya kuliko mwanzo. Narudia tena: hainywewi kwa jinsi unavyojisikia.

Shangazi yako aliniambia vidonge hivi ni kemikali tu, bora miti. Nikamwambia dawa za jamii ya enalaprili zilianzia kwenye sumu ya nyoka. Kuna nyoka wa Brazili, jararaka, ambaye sumu yake hushusha presha ya mtu ghafla. Mtaalamu wa huko, Sérgio Ferreira, alichunguza sumu hiyo miaka ya 1960, na njia hiyo ndiyo iliyozaa kaptoprili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981. Dawa hutoka popote. La muhimu ni ipimwe.

Sasa unataka niseme acha au usiache. Ulimi unaniwasha. Upande mmoja nasema wewe bado kijana, umepungua uzito, umepunguza chumvi, huenda siku moja kidonge kimoja kikatosha. Upande mwingine namwona mjomba wako na mito yake mitatu. Mimi niko Ujiji, wewe uko Dodoma, mkono wako sijaupima. Mwenye kukata shauri ni daktari wako, na mpaka akate, unakunywa vyote viwili.

Kuna jambo hukuniuliza. Siingii katika mambo yenu ya ndani, wewe na mkwe wangu, lakini kama mnawaza mtoto, mwambie daktari kabla ya mimba. Losatani na enalaprili huharibu figo za mtoto tumboni. Wapo wanaobadilishiwa methilidopa au nifedipini, na mambo yanakwenda salama. Hilo ni sababu ya kweli ya kuiacha losatani, tena kwa kubadilishiwa.

Halafu zile diklofenaki unazomeza kwa ajili ya mgongo, punguza kabisa. Hushikilia chumvi na maji, zinapingana na dawa zako, na pamoja na losatani huzisumbua figo.

Ukienda kliniki beba vidonge vyote ndani ya mfuko, hata vya mgongo, avione. Mwombe akupime kreatinini, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na potasiamu, maana losatani huipandisha potasiamu. Dagaa nimemkabidhi kijana anayekuja na treni, hawana chumvi, usiwaongezee. Ukitoka tu kwa daktari nipigie simu, kabla hujapanda daladala, uniambie amesema nini.

Mama yako