Barua kwa mwanangu: zile picha za oda za Zorn

Neema mwanangu, marahaba mama.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili nikaona hili siyo la kujibu kwa mistari miwili ya WhatsApp, ngoja nikuandikie kama zamani. Umesema umeona picha za mwanzo za Anders Zorn, yule mchoraji wa Uswidi, zile za rangi za maji, halafu mtu akakwambia nyingi ni za oda tu, mwenye hela analipa anachorwa, na wewe huko Uppsala unachora sura za watu ili upate kodi ya chumba, sasa unaniuliza baba hiyo ni sanaa au kibarua. Na ukaongezea habari ya yule mama mjane aliyekupa picha ya pasipoti ya marehemu mumewe umchore, na kwamba hujisikii hata kuianza.

Mimi nakwambia hizo oda ndizo zilizomfundisha Zorn kuchora. Nimefundisha kuchora miaka mingi na hili nalisema kutoka moyoni.

Huyu kijana alizaliwa 1860 kule Mora, kijijini kabisa, baba yake Mjerumani mtengeneza bia ambaye hakuwahi kumwona hata siku moja, mama yake hakuolewa, akaenda kufanya kazi mjini na mtoto akalelewa na babu na bibi (hii kwetu hata haihitaji maelezo). Utotoni alikuwa anachonga mbao, na alipoingia Chuo cha Kifalme cha Sanaa pale Stockholm mwaka 1875, ana miaka 15 tu, nia yake ilikuwa awe mchongaji. Rangi zilimvuta baadaye, tena rangi za maji, ambazo wakubwa wa sanaa wa enzi hizo waliziona ni kitu kidogo, heshima yote ilikuwa kwenye rangi za mafuta.

Sasa mwaka 1880 kwenye maonyesho ya wanafunzi akatundika picha moja inaitwa I sorg, yaani aliyefiwa, aliyeko msibani. Msichana kavaa nyeusi na shela nyeusi imeshuka usoni. Basi. Lakini mama, kaa nayo hiyo picha kama fundi siyo kama mgeni. Rangi ya maji haina kurudi nyuma, ukikosea umekosea, na weupe wake ni karatasi yenyewe uliyoiacha bila kuigusa. Sasa mtu anachora uso wa binti, ngozi laini, macho ya mtu aliyelia, halafu juu ya uso huohuo analeta kitambaa cheusi chepesi, na bado unaona uso, unaona kitambaa, kila kimoja kiko mahali pake. Nyeusi ikizidi kidogo tu uso unazama, ikipungua inaonekana ni uchafu. Mimi niliwahi kumchora bibi yako kajifunika kaniki, nikawa na haraka, nikapitisha nyeusi kabla shavu halijakauka, ikavuja mpaka kwenye mdomo na karatasi nzima ikaharibika, nikakaa nayo chini nikiitazama mpaka giza likaingia. Ndiyo maana nikikumbuka kijana wa miaka 20 alifanya vile nanyamaza kimya.

Picha ile ndiyo iliyomfungulia mlango, watu wa Stockholm wakaanza kumwita majumbani kwao awachore. Mwaka uliofuata akagombana na uongozi wa chuo akaondoka, kwa hiyo ikabaki oda tu, hana mshahara, hana mjomba wa kumshika mkono. Na oda mojawapo mwaka huohuo 1881 ilikuwa kumchora mtoto mdogo wa familia yenye uwezo, na pale ndipo akakutana na Emma Lamm, mtoto ni wa ndugu yake Emma. Wakachumbiana kwa siri kwa sababu Zorn hakuwa na kitu, akasafiri Hispania, akakaa London anachora sura za matajiri kwa rangi hizohizo za maji, anatafuta hela ya kuoa, na 1885 wakaoana. Rangi za mafuta alikuja kuzishika vizuri kwenye majira ya baridi ya 1887 kuingia 1888 huko St Ives, Uingereza. Marais watatu wa Marekani, Cleveland, Roosevelt na Taft, wote alikuja kuwachora baadaye kabisa.

Sasa fikiria hiyo miaka ya mwanzo. Mtu anayekulipa hukumchagua wewe, sura yake hukuichagua, leo ni mzee mwenye mashavu mazito, kesho ni mtoto asiyetulia kwenye kiti hata dakika tano, na wote inabidi uwaangalie kwa upendo mpaka wajitokeze kwenye karatasi. Jicho lake lilikua hivyo. Halafu 1886 lile jicho akalirudisha nyumbani akamchora mama yake, picha inaitwa Vårt dagliga bröd, mkate wetu wa kila siku, bado rangi za maji, mama kakaa chini kando ya mtaro anapika viazi kwenye moto wa kuni, wavunaji wako kule nyuma shambani. Iko Nationalmuseum hapo Stockholm, wakiwa wameitundika nenda ukaione. Na kule Mora mama wanamwita mona, ndilo jina alilompa kwenye picha aliyomchora tena 1898, Mona, yaani Mama tu. Mimi hilo neno linanigusa kila nikilitamka.

Kuhusu yule mama mjane. Usichore kutoka kwenye pasipoti peke yake, utapata sura iliyokufa mara mbili. Mpigie simu, mwombe uende kwake, mnywe hiyo kahawa yenu ya huko, akusimulie mumewe alikuwa anacheka vipi, shati gani alilipenda, na wakati anasimulia wewe mwangalie yeye usoni, kwa sababu mwenye msiba ni yeye na uso wa marehemu anao yeye. Beba kijitabu chako cha kuchorea lakini usikitoe mpaka akuruhusu. Rangi nyeusi ipitishe mwisho, uso ukishakauka kabisa, usiwe kama baba yako.

Mama yako anakusalimia, anauliza koti la baridi ulishanunua. Ukimaliza nitumie picha, hata kama imevuja.

Baba yako