Wembe wa kukunja: anza na mkono usioushika

Mwezi uliopita kijana mmoja alinijia saluni hapa Kadutu, Bukavu, na wembe wa marehemu babu yake, ameufunga kwenye kitambaa. Alitaka nimfundishe kujinyoa. Niliupokea, nikauweka kwenye droo, nikampa maji ya moto na sabuni. Nikamwambia ajipake, kisha avute ngozi ya shavu lake kwa vidole vya mkono wa kushoto, ailegeze, aivute tena. Siku hiyo hatukufanya kingine. Aliondoka amenuna, na namwelewa. Lakini ningepata mtu wa kunianzisha hivyo miaka 11 iliyopita, taya langu lisingekuwa na alama liliyonayo leo.

Nawaandikia ninyi mnaoanza, anayetaka kujinyoa nyumbani na anayeingia kazi ya unyozi. Mkono wenye wembe una kazi ndogo, kushuka tu. Kazi kubwa ni ya mkono wa pili, unaoilaza ngozi mbele ya makali. Nitarudi hapo.

Kwanza wembe wenyewe, maana kuna aina mbili. Kuna wa chuma kizima, unaonolewa, ambao ukitunzwa unamzika mwenyewe. Na kuna wa saluni, mpini wenye mdomo wa kubana nusu ya wembe wa kutupa. Huu wa pili ni mwepesi na makali yake ni mapya kila mara, kwa hiyo ukiuegemea kidogo tu umeshakata. Wengi huanza nao kwa kuwa ni rahisi bei. Mimi namshauri anayejinyoa aanze na ule wa chuma, kwa sababu uzito wake unamfundisha kutokandamiza.

Wangu umeandikwa Solingen, mji wa Ujerumani unaojulikana kwa visu na nyembe. Ulitoka kwenye sanduku la mzee mmoja wa Nguba. Tafuta wenye upana wa milimita 16 hivi, ambao wauzaji huuandika 5/8, na wenye ncha ya mviringo. Ncha ya mraba iache kwa sasa, ndiyo hutoboa ncha ya sikio. Ulaze juu ya kioo: ukitikisika, chuma kimepinda. Kutu ya juujuu hutoka, lakini kutu iliyoyala makali yakawa kama meno ya msumeno, mwachie muuzaji. Zile zinazometameta, zenye joka limechorwa ubavuni, nimejaribu kuzinoa mara tatu na zote zilinishinda. Ni pambo.

Kunoa kwa jiwe usijifunze mwezi wako wa kwanza. Mpelekee anayejua. Kuna wanaotumia mawe ya namba, 1000 hadi 8000, namba ikipanda jiwe ni laini zaidi. Mimi natumia kipande cha jiwe la manjano la Ubelgiji, linalochimbwa upande wa Vielsalm, lenye chembechembe za ganeti, madini magumu, zinazokila chuma taratibu. Likishafanya kazi yake, hulihitaji tena kwa miezi. Cha kila siku ni ukanda, ngozi ya kunyooshea makali.

Ukanda mwombe fundi viatu akukatie ngozi ya ng'ombe iliyo laini juu, upana wa sentimita 6 au 7, urefu wa nusu mita. Usitoe pesa nyingi, maana wa kwanza utaukata; sijaona ambaye hakuukata. Funga upande mmoja kwenye msumari, vuta upande wa pili usilegee. Laza wembe bapa, mgongo na makali vyote viguse ngozi, kisha uvute mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, ubingirishe juu ya mgongo wake, makali yatazame juu, ndipo urudi. Ukiubingirisha juu ya makali, umeharibu wembe na ukanda kwa mpigo mmoja. Fanya mara 40 kwenda na kurudi kabla ya kila kunyoa, na usiwaige wanaofanya mbio mbele ya wateja. Sikiliza: wembe uliolala sawasawa hutoa sauti ile ile kwenda na kurudi, kama ufagio laini juu ya simenti. Sauti ikibadilika, mkono wako umeinuka.

Maji tunayajua wenyewe. Bomba likikauka, nusu bidoni na sufuria juu ya jiko la makala vinatosha, na umeme ukikatika wembe hauna habari. Weka taulo la moto usoni dakika tatu. Sabuni isuguliwe kwa brashi hadi povu liwe zito. Likiwa na mapovu makubwa yanayopasuka, bado. Mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, povu hukauka upesi, basi lowesha tena bila kuona uvivu.

Kabla ya siku ya kwanza, acha ndevu siku mbili, kisha pitisha vidole uso mzima uone zinaelekea wapi. Mashavuni kwa wengi zinashuka. Shingoni kila mtu na yake: zangu za kushoto zinapanda kuelekea sikio, na nilinyoa mwaka mzima bila kujua.

Wiki mbili za kwanza nyoa mashavu tu, kwingine malizia na wembe wako wa kawaida. Vidole vitatu juu ya shingo ya wembe, pale kati ya makali na mpini, kidole cha mwisho kwenye mkia unaochomoza nyuma, gumba chini. Ulaze wembe bapa shavuni, kisha inua mgongo kiasi cha unene wa migongo miwili. Hapo uko karibu na nyuzi 30. Ukiuinua zaidi utakwangua na kuchana, ukiulaza mno utang'oa nywele badala ya kuzikata. Shuka sentimita mbili, simama, sogeza vidole vya kushoto, vuta ngozi upya, shuka tena. Vidole vya kuvutia viwe vikavu, la sivyo vinateleza. Mimi huvigusisha kwanza kwenye kipande cha shabu.

Nilijikata kwenye pembe ya taya, siku ya tano. Sikuukandamiza wembe. Nilikuwa nimechoka kusogeza vidole, ngozi ikalegea, na wembe ulipokwama kidogo niliutelezesha kwa ubavu, kama mtu anayekata nyanya. Damu haikutoka hapo hapo. Niliona kwanza mstari mweupe, mwembamba kama uzi, halafu vitone vikajipanga juu yake kimoja kimoja, povu likageuka waridi. Sikusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililonitisha. Kwa hiyo wembe usiende kwa ubavu kamwe. Ukikwama, uondoe usoni, vuta ngozi, anza upya. Ukijikata, maji baridi na kitambaa safi ukikandamiza dakika kadhaa, kisha shabu iliyoloweshwa. Na wembe ukikuponyoka, rudisha mikono na miguu nyuma, uache uanguke. Chuma kinanoleka.

Sasa lile la mkono wa pili, nililosema nitalirudia. Mafunzo mengi utakayoyaona yameandikwa na watu wenye ndevu zilizonyooka. Wanasema vuta ngozi ikaze, nyoa kufuata nywele, paka povu tena, nyoa kinyume, shavu liwe kama kioo. Nilifuata hayo, na baada ya wiki tatu shingo yangu ilijaa vipele vigumu vyenye usaha. Nywele zetu zinajikunja. Ngozi ikikazwa kama ya ngoma wakati wa kukata, unywele unakatwa ukiwa umevutwa nje, na ngozi ikilegea unarudi ndani na ncha yake kali. Unapokua unajikunja, unaitoboa ngozi kutoka ndani au unairudia kutoka nje. Mwili unauona kama mwiba, unavimba.

Ndiyo maana mkono wa kushoto unataka muda mrefu kuliko wa kulia. Ngozi iliyolegea hukatika, na iliyokazwa mno huota vipele. Unatafuta pale katikati: ivute mpaka mikunjo ilale, ubaki unaweza kuisogeza kidogo kwa kidole. Pita mara moja tu, kufuata nywele zinakoelekea, uridhike na shavu linalokwaruza kidogo ukilipapasa kinyume cha nywele. Papa mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, alikuwa akinidai nimnyoe hadi awe laini kama mtoto. Nilimkatalia, akaenda kwingine, akarudi baada ya mwezi shingo imevimba. Nilimwambia aache wembe kabisa hadi vipele vipone, nikawa nampunguza kwa mashine bila kugusa ngozi. Wewe ukivipata fanya vivyo hivyo, na vikizidi nenda kwa daktari. Usivitumbue.

Kwa mnaoingia saluni, neno moja lisilo na mjadala. Wembe wa chuma kizima ni wa mtu mmoja. Usimnyoe nao mteja, hata ndugu yako wa tumbo moja. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, katika damu usiyoiona kwa macho. Mteja anyolewe kwa nusu wembe mpya. Uvunje ukiwa bado kwenye karatasi yake, mbele ya mteja, aone. Mpini upanguse kwa spiriti. Nusu zilizotumika ziingie kwenye kopo lenye kifuniko, kwa sababu kuna watoto wanaookota vitu jalalani.

Mdomo wa juu na kidevu viache hadi mwezi wako wa pili. Kidevuni ndevu ni ngumu na mfupa una kona, wembe unataka kuruka.

Ukimaliza, suuza makali bila kuingiza maji kwenye pini, pale wembe unapokunjikia mpini, panguse kutoka mgongoni kuelekea makali, uache wazi saa moja. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Mvua zikianza, mwezi wa tisa, unyevu wa Bukavu unaweka doa kwa usiku mmoja. Usiufungie kwenye ala ya ngozi wala kuuacha chumba cha kuogea.

Yule kijana amesharudi mara nne. Wiki hii nilimtolea wembe kwenye droo, akanyoa shavu la kulia peke yake, akasimama. Ule wa babu yake una doa jeusi karibu na pini. Aliniuliza kama alisugue kwa msasa. Nimemwambia aliache, liko mbali na makali.