Tukigawana fedha mimi na mke wangu, bado tutoe tamko?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Columbus, Ohio, na mwezi ujao ninasafiri na mke wangu kwenda Tanga tukiwa na dola 14,000 taslimu, akiba yangu ya kumalizia nyumba. Rafiki ameshauri kila mmoja abebe dola 7,000 tusilazimike kutoa tamko la fedha forodhani, kwani eti nikitamka nitakatwa kodi. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako amekosea mara mbili. Sheria ya Marekani haizuii mtu kutoka na fedha kiasi chochote, wala kutamka hakutozwi kodi. Inachotaka ni taarifa pale zinapozidi dola 10,000, na wajibu huo humshika anayebeba pamoja na anayembebesha mwenzake. Fedha hizi ni zako, hivyo kumgawia mkeo ili ukwepe kiwango hicho ni kosa, hata kama zote ni za jasho lako.

Mwaka 1994, katika uwanja wa ndege wa Los Angeles, Hosep Bajakajian alimwambia ofisa kwamba ana dola 8,000 na mkewe 7,000. Mbwa wa kunusa noti walikwisha kuashiria mizigo yao, na zilipatikana dola 357,144, baadhi zikiwa katika sanduku lenye kitako cha uongo, ingawa alikuwa akienda kulipa deni halali. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa zote zitaifishwe, kwa kuwa adhabu ilizidi kosa mno. Usijifariji kwa hukumu hiyo: tangu 2001, kuficha fedha taslimu ili kukwepa tamko ni magendo, na kifungo chake hufika miaka 5.

Jaza Fomu 105 ya FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani cha kupambana na uhalifu wa fedha, mtandaoni au kwa karatasi, kabla ya kuondoka. Viwanja vya Marekani havina dirisha la kugonga pasipoti wakati wa kutoka, kwa hiyo atakayeitafuta ofisi ya forodha ni wewe, fika mapema. Benki nayo hutoa taarifa yake unapochukua taslimu zaidi ya dola 10,000, lakini taarifa hiyo haichukui nafasi ya yako. Ukishuka Tanzania utatoa tamko jingine forodhani, kwa kuwa huko pia kiwango ni dola 10,000 au thamani yake, na hapo stakabadhi ya benki iwe mkononi, isiwe ndani ya begi lililopita kwenye mizigo.