Löyly: mvuke wa sauna na asili yake

Umeuliza kama neno la Kifini löyly ni "mvuke" tu. Si mvuke wowote. Mvuke wa birika Wafini huuita höyry. Löyly ni ule unaopanda ukimwagia maji mawe ya moto ndani ya sauna, kile chumba cha joto kali cha kuogea, pamoja na lile joto linalokuvaa mwilini. Wakarelia, majirani wa Wafini, nao wanalo neno hilohilo, na Waestonia husema leil.

Asili yake ndiyo tamu. Linatoka kwenye lugha mama ya Kiurali, yaani lugha ya maelfu ya miaka iliyopita iliyozaa Kifini, Kihungari na ndugu zao, na maana ya zamani ilikuwa pumzi au roho. Ushahidi uko kwa ndugu wa mbali: Kihungari kina lélek, yaani roho, na Wakhanty wa Siberia wana lil, pumzi. Kwa hiyo maana ya roho ndiyo iliyotangulia, ya sauna ikafuata kwa Wafini na majirani zao. Nadhani haishangazi, maana mvuke ule hutoka kwenye mawe kama pumzi.

Ukimsikia Mfini akimwita mtu löylynlyömä, "aliyepigwa na löyly", anamaanisha kichwani hayuko sawasawa.